Mshahara Umeingia, Lakini Makato Yako Wapi?

Mwisho wa mwezi, simu inalia: umepokea Ksh 27,540. Tuseme ni ya dada anayeuza leso Biashara Street. Anaisoma meseji mara mbili. Kazi aliandikwa kwa 32,000, sasa hizo nyingine ziko wapi? Akiuliza, bosi anamwambia, "Ni makato hayo." Basi, yameisha.

Sisi ndio tunaozituma hizo meseji, kwa hivyo tuseme ukweli: meseji yetu inaonyesha pesa imefika tu. Si hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake, asiye kibarua wa siku, maelezo ya maandishi anapomlipa: mshahara kamili, kilichokatwa na sababu yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa viwango vya 2025, ile 32,000 inakwenda hivi:

- NSSF, asilimia 6: 1,920
- SHIF (ya SHA), asilimia 2.75: 880
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 480
- PAYE, baada ya nafuu ya 2,400: 1,180

Jumla ya makato ni 4,460, na mkononi inabaki 27,540. Mwajiri naye anaongeza 2,400 kutoka mfuko wake: 1,920 za NSSF na 480 za nyumba. Mistari minne tu, na dada yetu hangelala na kinyongo.

Tunajua jibu la wenye maduka wengi wa Mji wa Kale: "Sisi hapa ni watu watatu, tunajuana toka utotoni, makaratasi ya nini?" Kuaminiana ni kuzuri. Lakini siku mtoto anaugua, hospitalini hawaulizi kama bosi ni mtu mwema. Wanaangalia kama mchango wa SHA umelipwa. Pesa iliyokatwa na haikupelekwa ni deni, na anayelibeba siku hiyo ni mfanyakazi.

Mwaka wa kodi Kenya huanza Januari 1, na huo ndio wakati mzuri wa kujipanga. Kama wewe ni mwajiri, anza na haya:

1. Tenga pesa ya mishahara na ya mauzo. Zikikaa laini moja, mshahara huliwa na stoki.
2. Hakikisha jina, kitambulisho, PIN ya KRA na nambari ya simu ya kila mmoja. Nambari ikikosewa tarakimu moja, mshahara unaenda kwa mtu mwingine.
3. Angalia viwango upya. NSSF ilipanda kila Februari kuanzia 2024 hadi 2025, na karatasi ya mwaka jana itakudanganya.
4. Siku ya kulipa, tuma pesa pamoja na mchanganuo, hata kwa WhatsApp.
5. PAYE iwe imelipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Na wewe unayelipwa, usione haya kuuliza. Dai pia fomu yako ya P9 ya mwaka uliopita, maana utaihitaji kabla ya Juni 30 kuwasilisha ritani.

Kutuma pesa tumekurahisishia. Kueleza ilivyokatwa, hiyo bado ni kazi yako, bosi.