Kurudiwa kwa Filamu Njema

Wako watu wasioweza kuona kitu chema kikikaa mahali pake. Nyumba iliyosimama imara hutaka kuibomoa ili waijenge tena vile vile, kisha hudai ujira na sifa za wajenzi wa kwanza. Watu wa namna hii hawakosekani katika kazi yoyote, walakini katika utengenezaji wa filamu wamekuwa wengi mno, na hapana budi waambiwe.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa filamu ya kutisha iitwayo Psycho. Mwanamke ambaye watazamaji walimdhani ndiye mhusika mkuu, akichezwa na Janet Leigh aliyekuwa na jina kubwa, aliuawa bafuni kabla hadithi haijafika nusu. Hitchcock alitaka mtu asiingizwe sinema baada ya filamu kuanza. Hofu ya filamu ile ilikaa katika kutojua. Mwaka 1998 Gus Van Sant, mwongozaji mwenye sifa ya haki kwa kazi zake nyingine, aliifanya upya karibu picha kwa picha na neno kwa neno. Alitia rangi mahali pa weusi na weupe, akaleta wachezaji wengine. Kisu kilikuwapo, maji yalikuwapo, hata ule muziki wa fidla uliowatia watu baridi ulikuwapo. Hofu haikuwapo, kwa sababu miaka 38 ilikuwa imepita, na karibu kila aliyekata tiketi alijua nani atakufa na wapi.

Mfano wa pili unatugusa sisi, maana umetumia maneno yetu. The Lion King ya mwaka 1994 ni filamu ya michoro, na baadhi ya wanyama wake waliitwa Simba, Rafiki na Pumbaa. Mwaka 2019 Jon Favreau aliirudia kwa kompyuta, akawafanya wanyama wafanane na wale wa Maasai Mara hata unywele wa mwisho. Filamu ya dakika 88 ikawa ya dakika 118. Tazama mahali ambapo mtoto Simba anamkuta baba yake amekufa. Katika michoro, nyusi na midomo husema yale yasiyosemwa kwa maneno, na mtazamaji naye huingiwa na simanzi. Katika filamu mpya upo uso wa simba wa kweli, na simba wa kweli hakuumbiwa uso wa kulia. Mtengenezaji alipata ufanano akapoteza huzuni. Najua kwamba filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Biashara ilifaulu; mimi sikuuliza habari za biashara.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba hadithi zote hurudiwa. Bibi huisimulia ngano ile ile ya sungura na fisi jioni baada ya jioni, na hapana mjukuu amlaumuye. Hoja hii ni tamu sikioni, lakini haisimami. Ngano haina mwili ila kinywa cha msimulizi. Bibi akinyamaza nayo imenyamaza, na asipopatikana wa kuirudia itakufa. Filamu ina mwili wake. Psycho ya mwaka 1960 ipo kamili, sauti zake na uso wa Janet Leigh, na leo yaweza kutazamwa kama ilivyotazamwa siku ya kwanza. Kisichokufa hakihitaji kufufuliwa.

Sisemi kwamba kila marudio ni batili. Mehboob Khan wa India alitoa Aurat mwaka 1940, habari za mama wa kijijini anayepambana na njaa na mkopeshaji wa riba, na ambaye mwishowe humwua mwanawe mwenyewe aliyegeuka jambazi. Miaka 17 baadaye aliirudia kwa rangi, akaiita Mother India. Katika muda huo India ilikuwa imepata uhuru, mwaka 1947, na filamu mpya huanza kwa mama yule, sasa mzee, akiombwa kuufungua mfereji wa maji wa kijiji. Hapo mwenye kazi alikuwa na neno ambalo mwaka 1940 halikuwa na mahali pa kusemwa. Tena lilikuwa neno lake juu ya kazi yake. Vivyo hivyo riwaya ya Dashiell Hammett, The Maltese Falcon, ilifanywa filamu mwaka 1931, na tena mwaka 1936, bila kuacha alama kubwa. John Huston alipoishika mwaka 1941 ndipo ilipopata umbo ambalo watu wanalikumbuka. Huston alirudia kazi iliyopungua. Warudiaji wa leo hukimbilia iliyotimia, kwa kuwa ndiyo yenye jina la kuuzia.

Ubaya ungekuwa mdogo kama nakala ingekaa kimya kando ya asili. Haikai. Kampuni ya RKO ya Marekani ilipopata haki ya kuirudia Le jour se lève ya Mfaransa Marcel Carné, ya mwaka 1939, ilijitahidi kuzikusanya nakala za filamu ile ya kwanza ili ziharibiwe, zisije zikashindana na The Long Night ya mwaka 1947. Kwa bahati hazikwisha zote. Siku hizi hapana haja ya kuharibu chochote: jina likiwa moja, tangazo jipya huifunika filamu ya zamani, na mtoto aliyeanza na nakala huamini kwamba ameijua asili.

Husemwa pia kwamba vijana hawapendi filamu za zamani, zisizo na rangi na zenye mwendo wa polepole. Nani aliwaonyesha wakakataa? Al-Inkishafi ilitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate karne mbili hivi zilizopita, na maneno yake mengi humshinda mwanafunzi wa leo. Mwalimu hukaa naye, akamfungulia neno baada ya neno, wala sijaona mshairi aliyejitokeza kutunga Al-Inkishafi nyingine yenye jina lile lile ili kumpunguzia mwanafunzi taabu. Filamu ya zamani inadai kidogo kuliko hayo: taa izimwe, simu iwekwe mbali, na dakika 109 za Psycho zitolewe pasipo pupa.