Ermoupoli, Mji Uliojengwa na Wakimbizi

Wiki hii twawaalika kuutazama mji mmoja wa bandari katika nchi ya Ugiriki. Jina lake ni Ermoupoli, nao ni mji mkuu wa kisiwa cha Syros. Kisiwa hicho ni kidogo, eneo lake halifiki kilomita mraba 90. Tena ni kikavu na chenye mawe mengi. Lakini habari zake zafaa kusikiwa na kila jamaa.

Merikebu itokayo Piraeus, bandari ya Athens, ikikaribia gati, abiria huona mbele yake vilima viwili vilivyojaa nyumba. Juu ya kilima cha kushoto ni Ano Syros, maana yake Syros ya Juu, na kileleni pake limesimama kanisa kuu la Wakatoliki, la Mtakatifu Jorji. Juu ya kilima cha kulia ni kanisa la Ufufuko, la Waortodoksi. Chini yake, hata ukingo wa bahari, ni Ermoupoli yenyewe.

Mji wa juu ndio wa kale. Ulianza katika karne ya 13, siku za utawala wa Wavenezia. Nyumba zake zilibanana, na vichochoro vyake ni vyembamba vyenye ngazi nyingi, ili maharamia wasipate njia rahisi. Wenyeji wake Wakatoliki walishika imani yao hata chini ya Waturuki. Mwaka 1617 askofu wao, Giovanni Andrea Carga, alinyongwa.

Mwaka 1821 Wagiriki waliwaasi Waturuki. Wakatoliki wa Syros walikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, basi kisiwa chao kikabaki salama. Mwaka 1822 watu wa kisiwa cha Chios waliuawa kwa maelfu, na mwaka 1824 kisiwa cha Psara kikaangamizwa. Waliookoka walikimbilia Syros, nao walikuwa Waortodoksi. Walifika mikono mitupu, wakajenga vibanda pwani. Haikuwa rahisi kwa wenyeji kuona wageni wakiwazidi kwa wingi, na magomvi hayakukosa. Lakini wakimbizi wale walipata mahali pa kuishi.

Tena hawakukaa bure. Walijua bahari na biashara. Wakauita mji wao kwa jina la Herme, ambaye Wagiriki wa kale walimdhani mungu wa biashara. Baada ya miaka michache bandari yao ilizishinda bandari zote za Ugiriki. Mwaka 1833 walifungua shule ya sekondari. Humo alisoma baadaye Eleftherios Venizelos, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi. Mwaka 1861 kilianzishwa kiwanda cha merikebu, Neorion, na mwaka 1864 ukafunguliwa ukumbi wa michezo uitwao Apollo. Katika uwanja wa Miaouli, uliotandikwa marumaru, limesimama jumba kubwa la mji, kazi ya fundi Ernst Ziller. Kisha meli za moshi zikashika nafasi ya vyombo vya matanga, Piraeus ikakua, na biashara ikahamia huko. Majumba yalibaki.

Katika kanisa moja la Waortodoksi, la Kulala kwa Mama wa Mungu, palikuwa na picha takatifu iliyotiwa weusi na moshi wa mishumaa. Yasadikiwa kwamba ililetwa na wakimbizi wa Psara. Mwaka 1983, ilipokuwa ikisafishwa, jina la mchoraji lilionekana: Domenikos Theotokopoulos, yule ambaye dunia nzima humwita El Greco. Maskini wale walikuwa wamebeba hazina, wala hapakuwa na aliyeijua!

Leo Wakatoliki na Waortodoksi wa Syros huadhimisha Pasaka siku moja. Huoana pia, na katika jamaa nyingi baba ni wa kanisa hili, mama wa kanisa lile. Waliogombana zamani sasa ni wakwe na mashemeji.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumwonapo mkimbizi mlangoni na furushi lake, tusiharakishe kuhesabu atakachokula. Hatujui ni nini alichobeba.