Magwiji wa tenisi na bendi za zilizopendwa: Mcheza kwao hutunzwa, je, Taita imewatunza wake?

NI ada ya mashabiki wa tenisi, kila msimu wa Wimbledon unapowadia, kuwalinganisha magwiji wa mchezo huo na bendi mashuhuri za muziki wa roki. Roger Federer hufananishwa na The Beatles kwa umaridadi wake, naye Novak Djokovic hufananishwa na The Rolling Stones kwa kukataa kuzeeka. Rafael Nadal hutafutiwa bendi yoyote yenye gitaa la kishindo na jasho jingi.

Kwa wengi, hizo ni porojo za kupitishia wakati. Hata hivyo, ndani ya porojo hizo limejificha swali zito: ni kitu gani hulifanya jina lidumu, na ni nani hunufaika nalo linapodumu?

Msomaji wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta hana haja ya kwenda Liverpool kutafuta kipimo. Kaunti ya Taita Taveta imeipa Afrika Mashariki wanamuziki wawili ambao sauti zao zingali zinasikika kwenye redio, matatu na karamu za harusi: Fadhili William na Habel Kifoto. Isitoshe, Voi ni njia panda. Hapa ndipo barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapoachana na ile ya kwenda Taveta na Moshi, na hapa ndipo reli ya tawi la Taveta ilipoanzia wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mkaazi wa mji wa namna hiyo husikia muziki wa Pwani, wa bara na wa Tanzania bila kuondoka kwake.

Basi na tuwapime magwiji hao kwa mizani ya nyumbani.

Tuanze na Federer. Mwanamume huyo wa Uswisi alishinda mataji 20 ya Grand Slam kati ya 2003 na 2018, manane kati ya hayo yakiwa ya Wimbledon. Waliomtazama hawakukumbuka idadi pekee. Walikumbuka namna alivyocheza, mithili ya mtu asiyetumia nguvu. Mkwaju wake wa mkono mmoja ulikuwa na ulaini ambao wengi waliuiga na wachache wakaufikia.

Katika muziki wetu, ulaini huo ni wa Fadhili William. Jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida, na jina hilo la mwisho latosha kueleza asili yake. Alizaliwa Taita Taveta mwaka wa 1938, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirekodi wimbo “Malaika”. Gitaa lake halikupiga kelele wala sauti yake haikulazimishwa. Miriam Makeba aliuimba wimbo huo pamoja na Harry Belafonte mwaka wa 1965, kundi la Boney M. likaurekodi mwaka wa 1981, na wengine wasiohesabika wakafuata. Kama ilivyo kwa Federer, kila aliyejaribu baadaye alipimwa kwa yule wa awali.

Nadal ni habari nyingine. Mhispania huyo alitawala Roland Garros jijini Paris, uwanja wa udongo mwekundu, akashinda taji la huko mara 14 kati ya 2005 na 2022. Mchezo wake ulikuwa wa kijeshi: nidhamu, subira na kurudi vitani baada ya kujeruhiwa. Taji la mwisho, lile la 2022, alilitwaa mguu wake mmoja ukiwa umetiwa ganzi kwa sindano ili aweze kusimama.

Hapa bendi inayofaa haina mshindani: Maroon Commandos. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1970 na wanajeshi wa kikosi cha saba cha Kenya Rifles kambini Langata, na Kifoto, mwana wa Taita, ndiye aliyeiongoza kwa miaka mingi. Mwaka wa 1972 ajali ya barabarani ilimuua mwanabendi mmoja na kuwajeruhi wengine. Bendi nyingi zingevunjika baada ya msiba wa aina hiyo, lakini hii ilijikusanya ikarudi na “Charonyi ni Wasi”, wimbo wa Kidawida unaosimulia taabu za kuwa mbali na nyumbani. Ulipendwa hata na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. “Amka Kumekucha”, wimbo wao wa kuwasuta wavivu, ulizoeleka masikioni mwa wanafunzi wa vizazi kadhaa kupitia redio ya taifa. Nadal angeuelewa vyema.

Djokovic naye ni jungu kuu lisilokosa ukoko. Alizaliwa Belgrade, na alikuwa mtoto wa miaka 11 mabomu yalipoanza kuanguka juu ya mji huo mwaka wa 1999. Aliwakuta Federer na Nadal wamekwisha gawana mapenzi ya mashabiki, akaamua kugawana nao mataji. Alifikisha taji la 24 la Grand Slam mwaka wa 2023, na mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Paris akiwa na umri wa miaka 37. Siri yake ni kubadilika: alibadilisha lishe, mazoezi hata namna ya kuanzisha mpira, kila alipoona wenzake wamemsoma.

Mwenzake ni Them Mushrooms, bendi ya Pwani iliyoanza mwaka wa 1972. Wanamuziki hao walitumbuiza watalii hotelini na kuwapa “Jambo Bwana” mwaka wa 1982, kisha wakahamia Nairobi na kuchanganya rege, chakacha, benga na nyimbo za zamani bila kuona haya. Wapo waliowabeza kuwa ni bendi ya watalii, kama walivyo wanaombeza Djokovic kuwa hana mvuto. Aliyebezwa ndiye aliyedumu.

Kwa upande wa wanawake, Venus na Serena Williams ni ndugu waliojenga ufalme katika mchezo ambao haukuwatarajia. Serena alishinda mataji 23 ya Grand Slam akicheza peke yake, Venus akashinda saba, na wawili hao wakishirikiana wakaongeza mengine 14. Ndugu wa kuwalinganisha nao ni Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga, wakavuka mpaka, na kwa bendi yao ya Simba Wanyika wakateka masikio ya Kenya.

Mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki waliihama Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika, bendi iliyotoa “Sina Makosa”. Mashabiki waligawanyika, lakini muziki ulinawiri, kwani kila upande ulijua kuwa upande wa pili unasikiliza. Ndivyo ilivyo kwa Carlos Alcaraz na Jannik Sinner. Vijana hao wawili waligawana mataji yote manane ya Grand Slam ya wanaume ya 2024 na 2025, manne kwa manne. Katika fainali ya Roland Garros ya 2025, iliyochukua saa tano na dakika 29, Alcaraz aliokoa alama tatu ambazo kila moja ingempa Sinner taji, kisha akashinda. Upinzani wa aina hiyo hauwanyimi wahusika kitu, huwaongezea.

Kufikia hapo ulinganisho unapendeza. Kinachofuata hakipendezi hata kidogo, nacho ni malipo.

Bingwa wa Wimbledon wa mwaka wa 2025, awe mwanamume au mwanamke, alilipwa pauni milioni 3. Aliyeshindwa katika raundi ya kwanza, akaenda zake bila kukumbukwa na yeyote, alipata pauni 66,000. Je, waliotupatia “Malaika” na “Charonyi ni Wasi” walipata nini?

Katika enzi ya Fadhili ilikuwa desturi mwanamuziki kulipwa ujira wa kurekodi, kisha santuri ikaenda njia yake naye akaenda yake. “Malaika” wenyewe umezungukwa na mgogoro wa umiliki usiokwisha. Fadhili alishikilia kuwa ni wake. Wapo wanaosema mtunzi ni Mtanzania Adam Salim, na wengine humtaja Grant Charo. Fadhili aliishi Marekani kwa miaka mingi kabla ya kurejea nyumbani, akafariki Februari 2001. Kifoto alimfuata mwaka wa 2011. Wimbo unaojulikana katika kila bara umebaki kama shamba lisilo na hati: kila mtu huvuna, na hakuna anayejua kwa hakika mwenye shamba ni nani.

Wapo watakaosema kuwa tenisi ni mchezo wa matajiri, hivyo fedha zake si ajabu. Historia inawapinga. Kabla ya 1968, mashindano makubwa ya tenisi yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa, wasiolipwa zawadi. Bingwa alipewa kombe na makofi. Hata malipo yaliporuhusiwa, mamlaka yalibaki mikononi mwa vyama.

Kilichobadilisha hali ni umoja. Wachezaji wa kiume waliunda chama chao mwaka wa 1972. Mwaka uliofuata, Nikola Pilić wa Yugoslavia alipopigwa marufuku, wachezaji 81 walisusia Wimbledon, wakiwemo waliokuwa na nafasi nzuri ya kushinda. Mwaka uo huo wa 1973 Billie Jean King akawaunganisha wanawake katika chama chao, na mashindano ya Marekani yakaanza kulipa mabingwa wa jinsia zote sawa. Wimbledon ilichelewa hadi 2007, baada ya Venus Williams kulipigania suala hilo hadharani.

Funzo liko wazi. Mikwaju ya Federer haikumlipa kwa kuwa ilikuwa mizuri. Ilimlipa kwa kuwa waliomtangulia walikwisha kukaa kitako wakaandika nani ni mwenye mali na mali hiyo ina bei gani. Nyimbo za Taita zilikuwa nzuri vilevile. Zilichokosa ni maandishi.

Muda nao haungoji. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki za mtunzi wa muziki hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo, haki za kazi alizotunga Fadhili zitakoma mwisho wa 2051, na za Kifoto mwisho wa 2061. Kila mwaka unaopita bila orodha kamili ya kazi zao, watunzi wenza na warithi wao, ni mwaka wa mapato uliotupwa.

Nani wa kulishughulikia? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni. Serikali ya Taita Taveta, ambayo imekuwepo tangu 2013, haihitaji idhini ya Nairobi ili kukusanya santuri za wanamuziki wake, kuwahoji wazee waliopiga nao muziki wangali hai, na kuzisaidia familia kutafuta wakili. Kazi hiyo haigharimu hata sehemu ndogo ya fedha za barabara moja.

Jukumu hilohilo lagusa raketi pia. Kenya imekwisha kuona kuwa kipaji cha tenisi hakizaliwi Uswisi pekee. Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 katika orodha ya wanaume duniani mwaka wa 1995. Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanyake pamoja na pacha wake jijini Nairobi, alishinda taji la wasichana la Wimbledon mwaka wa 2022 katika mchezo wa wawili wawili akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam la ngazi yoyote kabla yake.

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Nadal alijenga jina lake juu ya vumbi la matofali yaliyosagwa, na Voi ina udongo mwekundu wa kutosha kuwapaka ndovu wa Tsavo rangi yake. Uga uliosawazishwa vizuri, wavu na mwalimu mmoja katika kila mojawapo ya maeneo bunge manne ya kaunti ni mradi wa unyenyekevu, lakini ndio mwanzo.

Walakini, mtoto atakayeshika raketi Mwatate leo afundishwe jambo moja zaidi ya kupiga mpira: kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Fadhili na Kifoto walicheza kwao, wakacheza na kwa wenzao, na ulimwengu ukasimama kuwasikiliza. Tuzo lao lingali deni, nalo halitalipika kwa kuwakumbuka redioni siku ya Jumapili.