Picha ya Wiki ya Kwanza Isikudanganye

Mpendwa mtahiniwa, ukipewa insha inayohusu kusoma ughaibuni, usikimbilie kuandika kwamba huko kuna maghorofa, barabara safi na maduka yaliyojaa. Hiyo ni picha ya wiki ya kwanza. Maoni yangu ni kwamba faida kubwa ya kusoma nje huja baadaye, pale mwanafunzi anapoacha kushangaa na kuanza kuuliza: vitu hivi vinatoka wapi, nani anavilipia, na kwa nini bei iko hivi?

Chukua mfano unaoufahamu kutoka somo la Historia. Mwaka 1949 Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu Tabora, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Kwa Mtanganyika wa wakati ule, Uingereza ilikuwa nchi ya mtawala. Sheria zilitoka kwake, na Bwana Shauri alitoka kwake. Ungetarajia kukuta huko watu wanaoishi kwa anasa. Kumbe Uingereza ilikuwa bado inauguza majeraha ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kila mtu alikuwa na kitabu cha mgao. Nyama, sukari, chai, siagi na mafuta ya kupikia vilinunuliwa kwa kipimo kilichowekwa na serikali, hata kama mnunuzi alikuwa na fedha mfukoni. Nyerere alimaliza masomo mwaka 1952 na kuuacha mgao ukiendelea. Nyama ilikuwa ya mwisho kuachiwa, Julai 1954, mwezi uleule TANU ilipozaliwa Dar es Salaam.

Sasa unganisha foleni hizo na nyumbani. Umesoma habari za Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wengi hujibu kwamba Waingereza walitaka malighafi, wakaishia hapo. Malighafi ya nini? Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, na karanga zina mafuta. Matrekta yakaletwa na mamilioni ya pauni yakatumika. Lakini Kongwa mvua ni haba, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kiasi cha kuharibu mashine. Mwaka 1951, Nyerere akiwa bado Edinburgh, mpango uliachwa kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 30. Aliyedai kuja kutufundisha kilimo alikuwa amepanda bila kuijua mvua ya Ugogo.

Nyerere alisema baadaye kwamba fikra zake za kisiasa zilijengeka akiwa Edinburgh. Sisemi zililetwa na foleni za nyama. Alisoma uchumi, historia na falsafa. Ninachosema ni kwamba aliyefika jikoni kwa mtawala hawezi kumwona sawa na yule anayemjua kwa kofia yake tu.

Turudi hapa kwetu Nduruma. Tunaishi jirani na mashamba ya maua na mboga zinazopelekwa Ulaya. Kijana wa hapa akienda kusoma Uholanzi, siku ya kwanza atashangazwa na ukubwa wa duka. Miezi ikipita, atasimama mbele ya pakiti ya maharage machanga na kulinganisha bei yake na ujira wa mama anayeyachuma. Atajiuliza fedha inayobaki katikati inaliwa na nani: ndege, ghala, kodi au mwenye duka? Naye mwenyewe atakuwa analipa pango la chumba, bima na nauli, pengine akiosha vyombo mgahawani jioni. Hapo ndipo anapoanza kuijua biashara.

Wapo watakaosema namkatisha kijana tamaa. La hasha. Ukipata nafasi, nenda. Ninachokataa ni kwenda kwa kufuata picha. Mzazi anayeuza robo eka kumlipa dalali wa safari, kwa sababu ameambiwa huko fedha zinaokotwa, anaweza kukosa shamba na safari vyote viwili. Angeuliza mapema chuo ni kipi, ada ni kiasi gani na kijana atakula nini, huenda shamba lingebaki.

Kwa hiyo, mtahiniwa, katika insha yako usiishie kwenye kinachoonekana. Kila hoja ieleze kinachoonekana, chanzo chake, na kinavyogusa maisha ya nyumbani. Msahihishaji ataona kwamba umefikiri, na wewe utakuwa umejizoeza kuuliza maswali yatakayokulinda baada ya mtihani.

Zoezi: Chagua bidhaa moja inayozalishwa kijijini kwenu na kuuzwa nje ya nchi. Andika insha ukieleza jinsi mkulima anavyoiona bidhaa hiyo na jinsi mwanafunzi aliyeko ughaibuni anavyoweza kuiona.