Wakienda bungeni, wasiishie kusimama na kupigiwa makofi

Zamu za usiku zimenibana. Wiki iliyopita nilitoka wodini asubuhi, nikaoga, nikapanda treni na darasa la mwanangu kwenda London kuona Bunge la Uingereza. Shule iliomba wazazi wa kusaidia kuangalia watoto, nami nikajipendekeza.

Ilikuwa Jumatano. Maswali kwa Waziri Mkuu huanza saa sita mchana, yale makelele mnayoyaona kwenye televisheni. Sisi tuliingia saa nane na nusu, yamekwisha. Wabunge ni 650, viti vya ukumbini kama 427, na waliokuwamo hawakufika ishirini. Sisi tuko juu, nyuma ya kioo. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, wengine wametoroka?" Mwalimu akamweleza kuwa wengi wako kwenye kamati na ofisini. (Huenda wapo waliotoroka kweli, ila nilinyamaza.)

Nilichopenda ni kwamba hakuna aliyewatangaza. Walikaa tu, wakamsikiliza mbunge mmoja akimbana waziri, wakasubiri mpaka waziri akajibu. Ilichosha, sikatai, mimi mwenyewe nilisinzia. Lakini njia nzima ya kurudi walibishana kama yule waziri alijibu au alizunguka.

Mimi nilipelekwa Dodoma mwaka 2007, kidato cha tatu. Ukumbi ule mpya ulikuwa na mwaka mmoja tu. Tuliamka saa tisa usiku, sare zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Maswali yalipokwisha tukatangazwa: wanafunzi na walimu wao, wasimame. Tukasimama, makofi, tukakaa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya bajeti ya Wizara ya Afya. Kijijini kwetu zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, mama mmoja mkali ajabu, na ndiye aliyenitia hamu ya kazi hii. Nilitaka kusikia kama angepata mwenzake. Waziri ndiyo kwanza anafungua hotuba, mwalimu akatupa ishara: tokeni, shule nyingine inasubiri mlangoni. Tukanywa soda, tukapiga picha, tukarudi.

Jamani, ile ilikuwa pikiniki. Nasikia kwa wadogo zangu kuwa mambo hayajabadilika sana. Mbunge anapata sifa ya kualika shule, shule inapata picha ya kubandika ofisini, na mtoto hajui fedha za zahanati yao zilipitaje.

Siku hizi mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Wapelekeni watoto siku ya wizara inayowagusa, elimu, maji au afya, na wabaki mpaka Kamati ya Matumizi, pale vifungu vinapopitishwa kimoja kimoja na mbunge asiyeridhika anatishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Hakuna mtoto atakayesinzia hapo. Mtaniambia basi la kukodi na malazi ni ghali. Ni kweli. Basi pelekeni wanafunzi kumi badala ya sitini, warudi wawasimulie wenzao.

Naishia hapa, zamu inaanza saa moja na nusu. Walimu mliowahi kukaa na wanafunzi mpaka shilingi ikashikwa, niandikieni. Nataka hasa kujua chakula cha jioni mliwapa nini.