Sauti Yako, Jina Lako



Juma hili najibu swali la mama mmoja mwimbaji. Anaimba arusini na kwenye matanga, na watu wanampenda. Kijana fulani alimrekodi kwa simu siku ya arusi. Sasa wimbo ule unauzwa sokoni, pale wanapojaza watu nyimbo kwenye kadi za memori, na umeandikwa tu "Wimbo wa arusi". Jina lake halimo. Mama huyu anauliza mambo mawili. La kwanza, afanye nini ili ajirekodi mwenyewe vizuri? La pili, amjibu nini mume wake anayesema kwamba kuimba kwa malipo kunaharibu heshima ya nyumba?

Swali hili si lake peke yake. Tunaimba katika korali ya parokia, tunaimba kaswida, tunaimba kwenye maandamano ya tarehe 8 Machi, tunaimba tukitwanga. Tunaambiwa "mama, una sauti", tunapewa soda, tunarudi nyumbani. Neno langu leo ni moja: sauti ni kazi kama kushona au kuoka mikate. Kazi inataka maandalizi, inataka mapatano, na inataka jina la mwenyewe.

Waliotutangulia

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wanawake wa mijini tu. Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza, akiviimbia ili wateja watoke nje. Hakuwa amesoma shule. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Uhindi, na wenzake, wakarekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu juu ya maisha yake. Jina lake liliandikwa juu ya sahani zile, ndiyo sababu hata leo tunamjua.

Hapa Kongo tulikuwa na M'Pongo Love, aliyezaliwa Boma mwaka 1956. Tangu utotoni alitembea kwa shida, lakini alisimama jukwaani na akawa na bendi yake mwenyewe. Katika bendi hiyo alicheza ngoma msichana mmoja mzaliwa wa Lubumbashi, Tshala Muana. Baadaye Tshala naye akawa mwimbaji. Alichukua mutuashi, ngoma ya Kasai, akaiimba kwa Tshiluba mbele ya dunia mpaka alipofariki mwezi wa Desemba 2022. Hakungoja kuijua Kifaransa cha Paris ndipo aimbe. Mwenye wimbo wa Kibangubangu, wa Kizimba au wa Kikusu asiufiche akidhani ni wa kizamani.

Kabla ya kurekodi

Mama, usianze kurekodi wimbo ambao bado unautafuta. Uimbe siku saba jikoni. Uandike maneno katika daftari, na kama huandiki, mwambie mtoto wako wa shule akuandikie. Jua unaanzia sauti gani: wengi wetu tunaanza juu mno kwa furaha, halafu kwenye kiitikio sauti inakatika. Anza chini kidogo kuliko unavyotaka.

Chagua nyimbo tatu tu. Nyimbo tatu zilizoiva zina faida kuliko kumi mbichi.

Kurekodi kwa simu

Simu ya kawaida yenye kurekodi inatosha kwa kuanza, mradi mahali pawe pazuri. Darasa tupu si pazuri, kanisa tupu pia si pazuri, kwa sababu sauti inagonga ukuta na kurudi. Nyumba ya mabati inalia mvua ikinyesha, na jua likiwaka mabati yanapasua sauti. Nyumba ya nyasi, ile ambayo watu wanaidharau, ni nzuri kwa kazi hii, maana nyasi zinameza mwangwi. Kama huna, tafuta chumba cha kulala chenye godoro, nguo zilizotundikwa na blanketi mlangoni.

Fanya hivi:

1. Chagua saa ya utulivu. Asubuhi kuna majogoo, jioni kuna jenereta za jirani. Hapa kwetu saa nane za mchana, watoto wakiwa bado kwa majirani na watu wamepumzika, mara nyingi ni saa nzuri.

2. Jaza batri, kisha funga mtandao wa simu kabisa. Wimbo mwingi mzuri umeharibiwa na mtu aliyepiga katikati ya ubeti.

3. Usiishike simu mkononi. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwenye kiti au meza, shibiri moja hadi mbili kutoka mdomoni, kidogo pembeni. Ukiimba moja kwa moja mbele yake, kila "p" na "b" itapiga kama upepo.

4. Mpiga ngoma akae mbali, hatua nne au tano. Wanaoitikia wakae katikati. Wewe mwenye wimbo uwe karibu kuliko wote. Ngoma ikikaribia, maneno yako hayatasikika.

5. Rekodi dakika moja ya kujaribu, sikilizeni wote, rekebisheni mahali pa kukaa, halafu ndipo mwanze.

6. Imba wimbo wote mara tatu, ukachague ulio bora. Usichoke kurudia, lakini usipite mara tano, kwa sababu koo litachoka na moyo pia.

Siku hiyo kunywa maji ya kawaida, usipige makelele sokoni asubuhi yake, na kama una mafua ahirisha.

Mkienda studio

Aliye na nafasi ya kwenda studio, kuanzia hapa kwetu hata Kindu, akumbuke kwamba pale kila saa ina bei. Uliza kwanza: bei ni kwa wimbo au kwa saa? Umeme ukikatika, saa hizo zinahesabiwa? Kurekebisha sauti baadaye kunalipwa tena? Muziki utakaowekwa chini ya sauti yako ni wa nani? Vijana wengine wanachukua muziki wa watu kwenye intaneti, na siku moja mwenyewe anaweza kuudai.

Nenda na flashi yako. Usitoke bila vitu vitatu: wimbo uliokamilika, sauti yako peke yake, na muziki peke yake. Studio ikiungua au kijana akihama, wewe una mali yako mkononi. Na dada zangu, msiende studio peke yenu usiku. Nenda na mwenzako wa kikundi, mchana. Mtu wa kazi ya kweli hatakasirika.

Jina lako

Hapa ndipo penye shida ya mama yetu, na ndipo nataka tukae kidogo.

Sheria ya nchi yetu juu ya haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Inasema kwamba haki ya mtunzi inaanza pale anapotunga, kwa sababu tu ametunga. Haingoji karatasi ya Kinshasa. Kwa hiyo, wimbo uliotunga ni wako hata kama simu iliyoukamata ni ya mtu mwingine. Shida ni ushahidi. Ukisema "ni wangu" na kijana akasema "ni wangu", nani ataonyesha?

Basi, weka alama mapema. Kabla ya kuimba, sema kwa sauti ndani ya simu: jina lako, mahali, tarehe, na maneno haya: "Wimbo huu nimeutunga mimi." Kama mmeutunga wawili, tajeni wote wawili. Kama ni wimbo wa bibi zetu, sema hivyo pia. Wimbo wa ukoo si wa mtu mmoja kujiandikia. Nakala hii usimpe mtu. Iweke kwenye kadi ya memori iliyofungwa vizuri, na nyingine katika simu ya mtu unayemwamini. Nakala ya kutoa nje, ondoa maneno ya mwanzo, lakini jina la faili liwe na jina lako na jina la wimbo. Ukipeleka redioni, mwandikie mtangazaji jina lako kwenye karatasi na umwombe alitaje. Ukituma video kwa WhatsApp, itume kama dokima, la sivyo picha na sauti zinabanwa na kupungua uzuri.

Tangu mwaka 2011 tuna shirika la haki za watunzi linaloitwa SOCODA, lililochukua nafasi ya SONECA ya zamani. Mwenye nyimbo zake na nia ya kuendelea aulize namna ya kuandikishwa, akianzia kwenye ofisi ya serikali ya Utamaduni na Sanaa.

Na usisaini usichokielewa. Kule Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi wimbo "Mbube" mwaka 1939. Haki za wimbo ule alizitoa kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, watu wakatajirika, yeye akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata mapatano mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Mtu akikuletea karatasi ya Kifaransa, mwambie: "Niachie siku tatu." Mpelekee mwalimu au mtu wa sheria aisome. Anayekuharakisha ana sababu yake.

Kwa mama aliyeuliza: usianze na ugomvi. Nenda sokoni na watu wawili waliokuwa arusini, mwambie muuzaji kwa upole kwamba wimbo ni wako, na umpe nakala nzuri uliyorekodi mwenyewe yenye jina lako, mkapatana juu ya bei. Wengi watakubali, kwa sababu nakala yako italia vizuri kuliko ile ya makelele ya arusi. Akikataa, rudi kwa wamama wa kikundi, tutakwenda wengi.

Mbele ya watu

Kabla ya arusi au sherehe, patana juu ya mambo haya, na uyaandike katika karatasi hata ndogo: saa ya kuanza na ya kumaliza, malipo, nusu inayotangulia, pikipiki ya kwenda na ya kurudi, chakula, mahali pa kulala kama ni mbali. Barabara yetu ya Kabambare si ya kusafiri usiku. Sherehe ikichelewa, lala palepale mlipopatana, na mwenzako.

Pesa ambazo watu wanakubandika kwenye kipaji unapoimba, pamoja na za mabanga, yaani za kutajiwa majina, nazo zina mapatano. Mpiga ngoma anapata ngapi? Waitikiaji je? Semeni kabla, kwa sababu vikundi vingi vinavunjika usiku wa kuhesabu. Na jihadhari na majina ya kutaja. Kumsifu mgombea kunalipa leo, lakini jirani anayempinga ataukumbuka wimbo ule miaka mitano.

Maikrofoni isikae mbali na mdomo, wala usiifunge kichwa kwa kiganja, italia. Jizoeze pia kuimba bila mashine kabisa. Mafuta ya jenereta yakiisha, mwimbaji wa kweli anaendelea kwa makofi, na siku hiyo ndiyo watu watakayoisimulia.

Heshima ya nyumba

Sasa la mume. Mama, usimfiche. Mwonyeshe daftari: tarehe, mahali, kilichoingia, kilichotoka. Mume anayeona kwamba pesa za arusi ya jumamosi zimelipa ada ya mtoto anaanza kuelewa. Mwalike akusindikize mara moja, asikie watu wanavyokuheshimu. Mwambie pia kwamba unajua mipaka yako: saa za kurudi, nyimbo usizoimba, mahali usipokwenda.

Lakini baba nao wajue sheria. Zamani, Sheria ya Familia ya 1987 ilidai mke apate ruhusa ya mume ili afanye tendo la kisheria. Tarehe 15 Julai 2016 ilirekebishwa. Ruhusa ile imeondolewa. Sasa mume na mke wanatakiwa wapatane, kila mmoja, juu ya ahadi za kisheria za kazi anazojifunga nazo. Yaani mke anazungumza na mume kabla ya kusaini, na mume anazungumza na mke kabla ya kusaini. Kuzungumza na kupatana si sawa na kuomba ruhusa. Na kama heshima ndiyo hofu, tujiulize: heshima iko wapi zaidi, kwa mama anayeimba bure na wimbo wake kuuzwa na wengine, au kwa mama ambaye jina lake limeandikwa juu ya kazi yake?

Kazi ya juma hili

Wale wote wanaoimba, waje kwenye mkutano wa kikundi na wimbo mmoja, maneno yakiwa yameandikwa. Tutatafuta chumba chenye magodoro, simu mbili nzuri, na tutarekodi wimbo mmoja wa kila mtu, jina likitajwa mwanzoni. Wenye daftari la likelemba wataleta ukurasa mmoja tuonyeshane namna ya kupanga hesabu za mwimbaji. Walio Kabambare wanaweza kufanya vivyo hivyo huko kwao na kutuma nakala kwa mtu anayesafiri.

Nawatakia juma jema, ninyi na nyumba zenu.

Mwalimu wenu