Si Kila Pampasi ni Pampers

Mzazi akiingia dukani, aghalabu huomba "pampasi". Muuzaji humpa Softcare, Molfix au Huggies, na wala hapana anayeshangaa. Jina Pampers, lililozuka Marekani mwaka wa 1961, kwetu limekuwa nomino ya kawaida, mithili ya Omo kwa sabuni ya unga. Nepi imeachiwa kitambaa. Neno winda, wanafunzi wangu wengi hawalijui kabisa.

Kwa mwanaisimu, mabadiliko haya yanavutia. Kwa mzazi, yana gharama. Anayeamini kwamba jina limekwisha kusema yote hagawanyi bei kwa idadi iliyomo pakitini, wala haulizi inamfaa mtoto wa uzito gani. Nambari za pakitini nazo hupotosha, kwani tatu ya chapa hii si lazima iwe sawa na tatu ya chapa ile. Kilo ndizo za kulinganisha. Isiyomkaa mtoto sawasawa itavuja, hata ingawa ni ya bei ghali.

Linalonisumbua hasa ni uuzaji wa moja moja vibandani. Mwenye kibarua cha siku hana budi kununua hivyo, lakini pakiti iliyoandikwa kilo hubaki kwa muuzaji. Basi na aombe kuiona. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya. Mtengenezaji anayeandika maelezo hayo kwa Kiingereza pekee ana udhuru gani?